Sanduku la Barua: Pontiac Safari, gari ya Kimarekani yenye jina letu

Toleo lililopita ukurasa wa mwisho tuliweka picha moja tu, gari ya Marekani ya mwaka 1956, rangi mbili, milango miwili, paa limevutwa mpaka nyuma kabisa, na chini yake tukaandika "Pontiac Safari" basi, hatukueleza kitu. Tangu siku hiyo simu ya hapa ofisini haijapumzika, meseji juu ya meseji, kwa hiyo nimeomba safu yote ya leo niitoe kwa gari hii moja. Waliouliza mambo ya Probox na mafuta ya giaboksi nawaomba radhi, zamu yenu inakuja.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naomba kujua hiyo Safari ya kwenye picha ni neno letu kabisa au ni neno la kwao limefanana tu? Maana nabishana na shemeji yangu tangu Jumamosi, yeye anasema Wamarekani wa enzi zile hawawezi kuchukua neno la Kiswahili wakalibandika kwenye gari. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni neno letu, shemeji hapo kateleza. Sisi wenyewe tulilipata kwa Waarabu, safar, tukalitia irabu mwishoni likalainika likawa la kwetu, na misafara iliyokuwa inatoka Bagamoyo na mrima wote kwenda bara ilikuwa inaitwa safari miaka mingi kabla Mzungu hajaifuata. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 kwenda kutafuta maziwa makuu waliondoka na watu wanaoongea Kiswahili mchana kutwa, na Burton huyohuyo ndo anatajwa kati ya watu wa kwanza kulipeleka hilo neno kwenye maandishi ya Kiingereza. Alafu ikaja 1909, Theodore Roosevelt katoka ikulu juzijuzi tu, anashuka Mombasa mwezi wa 4 anapanda treni kwenda bara na bunduki zake, magazeti ya kwao yanamwandika kila anapopiga mnyama, basi kuanzia hapo hata mtoto wa shule wa Marekani akawa analijua neno safari, ila analijua nusu.

Na hiyo nusu ndo naomba tuelewane. Kwetu unakwenda msibani Handeni ni safari, mtoto anapelekwa bodingi ni safari, ukirudi unaambiwa pole na safari hata kama njia nzima ulikuwa umelala dirishani. Kwao ilibaki simba, hema na kofia ngumu. Hiyo ndo ilikuwa inauzika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wa Hollywood walikuja Afrika Mashariki kupiga filamu, na mwaka 1953 huku yakaanza mashindano ya magari ya Coronation Safari, yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa malkia Elizabeth. Kwa hiyo Pontiac walipokuwa wanatafuta jina la stesheni wagoni yao ya bei ya juu, ya kutoka mwaka 1955, neno tayari lilikuwa midomoni mwa watu.

Kuna kitu kinaniuma hapa na sitaki nikipite. Mwaka huohuo 1955 Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya watu wako kambini, Mkikuyu wa kawaida hawezi kutoka eneo moja kwenda jingine bila karatasi ya ruhusa. Huku Michigan, kwao Pontiac, neno linachongwa kwa kromu linabandikwa kwenye gari ya kwenda matembezi, kule wenye neno wanazuiwa njiani. Mimi naipenda hii gari sana, mtaona humu, lakini nikilitaja jina lake hilo nalo linanijia.

SWALI: Mzee wa safu shikamoo. Mi fundi hapa Gerezani Dar, kuna mteja kanionyesha Chevrolet Nomad kwenye simu yake naona ni gari ileile kasoro pua. Ni moja au ni mbili? Na injini yake ikoje ndani. (Fundi, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba fundi, jicho lako zima. Ni ndugu wa tumbo moja. Chevrolet na Pontiac zote zilikuwa za General Motors, na GM ile ilikuwa na maonyesho yake makubwa yanaitwa Motorama, yanazunguka miji. Januari 1954 pale hoteli ya Waldorf-Astoria New York wakaleta gari ya maonyesho inaitwa Corvette Nomad, sura ya mbele ni Corvette ile ya michezo, nyuma ni stesheni wagoni, bodi ya faiba. Wazo lilitoka kwenye mchoro wa kijana mmoja wa pale kwenye ubunifu, Carl Renner, na mkuu wao wa mambo ya sura, Harley Earl, akalipenda. Watu kwenye maonyesho waliizunguka wakawa hawaondoki, basi Earl akaagiza paa lile lihamishiwe kwenye Chevrolet ya kawaida inayokuja ya mwaka 1955. Clare MacKichan aliyekuwa anaongoza studio ya Chevrolet alikuja kusimulia jinsi walivyofanya, na mimi hii habari siichoki: walichukua mchoro wa paa wa ukubwa uleule wa gari, wakaukata vipande, wakauvuta urefu, wakaupachika juu ya mchoro wa bodi ya chini ya gari mpya, siku mbili kazi imeisha. Fundi we unajua kunyoosha bodi, hebu fikiria paa la gari ya michezo likae juu ya gari ya familia na lisionekane kiraka. Halionekani.

Chevrolet walitaka iwe yao peke yao, Pontiac walipoiona wakaitaka na wao, wakubwa wakawapa. Kwa hiyo paa, milango, vioo na umbo lote la nyuma ni jamii moja: nguzo ya nyuma ya mlango imelala kwa mbele kama inakimbia, vioo vya ubavuni vinateleza, paa lina mifereji imekatiza kutoka kushoto kwenda kulia kule nyuma. Tofauti iko chini na mbele. Nomad ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana kama sentimita 292, Safari kama 310, imezidi sentimita 18, na boneti ya Pontiac inaonekana ndefu, na juu ya boneti ya 1955 na 1956 kuna mikanda miwili ya kromu imetoka puani mpaka kioo cha mbele, alama ya Pontiac ya miaka mingi. Mwaka 1956 kampuni ikapata mkuu mpya, Semon Knudsen, wanamwita Bunkie, na moja ya mambo aliyofanya haraka ni kuing'oa ile mikanda kwenye gari za 1957. Wengine wanamsifu. Mimi naona gari ilipoteza kitu usoni.

Sasa injini, hapa we na mimi tunaweza kukesha. Mpaka 1954 Pontiac walikuwa na injini za silinda zilizopangwa mstari mmoja, 6 na 8, valvu pembeni, mambo ya zamani kabisa. 1955 wakaja na V8 mpya, inchi za ujazo 287, yaani kama lita 4.7, na umeme wakatoka volti 6 wakaenda 12. Ikiwa na giaboksi ya automatiki inatoa nguvu za farasi 180. Mwaka uliofuata wakaipanua mpaka lita 5.2, farasi 227, na 1957 lita 5.7, farasi 270. Miaka mitatu tu hiyo. Na automatiki yake ni Hydra-Matic ya gia 4, wakati Nomad ilikuwa na Powerglide ya gia 2, hapo Safari ilikuwa imemzidi ndugu yake waziwazi.

Vitu viwili vya ndani nakupa. Cha kwanza, roka, vile vimkono vinavyosukuma valvu zifunguke. Badala ya kuzipanga zote kwenye shafti moja, kila roka ni ya bati la kukandamizwa, inakaa peke yake kwenye stadi yake na kifundo cha mviringo katikati, nyepesi na rahisi kutengeneza. Wazo hilo lilizaliwa Pontiac, Chevrolet wakalichukua kwenye V8 yao mwaka uleule, na dunia ikaja kuwasifu Chevrolet. Cha pili, maji. Injini nyingi unazofungua hapo Gerezani maji kutoka rejeta yanaanzia kwenye bloku ndo yapande kwenye silinda hedi. Hii ya Pontiac ilikuwa kinyume, maji ya baridi yanapelekwa kwenye hedi kwanza, yanapooza pale panapowaka sana kisha ndo yanashuka. Wakaiacha miaka ya mwisho ya 1950. Kwa hiyo siku ukiletewa moja usishangae waterpampu yake kuwa na mwili mgumu kuelewa, haijafungwa vibaya, ndo ilivyo.

SWALI: Hamjambo. Nauliza tu, gari ya familia inakuaje na milango miwili? Mimi nina watoto wanne, hao wa nyuma wanaingilia wapi? (Mama wa watoto wanne, Nakuru)

JIBU: Hatujambo mama, na swali lako ndo swali lililoiua hiyo gari.

Nikueleze nilichokiona. Nilikuwa Michigan mwezi wa 8 mwaka mmoja, kuna siku yao kubwa ya magari ya zamani kwenye barabara ya Woodward, inatoka karibu na Detroit mpaka mji wenyewe unaoitwa Pontiac, watu wanaleta viti vyao pembeni ya barabara tangu asubuhi kutazama magari yanapita. Kwenye maegesho ya duka nikakuta Safari ya 1955, mwenyewe ni mama wa makamo, akanifungulia. Mlango ni mrefu jamani, mrefu kuliko mkono wangu, na mzito, unaufungua unasogea nyuma hatua nzima. Ili nikae nyuma ilibidi siti ya mbele ilazwe, niiname, nitangulize mguu, nijivute. Nikishakaa ni raha kweli, ngozi, zulia, vioo pande zote kama uko barazani, ila jua nalo lilikuwa linaingia pande zote nikaanza kutoka jasho gari imesimama. Alafu nikaenda nyuma. Mlango wa nyuma ni wa vipande viwili, kioo kinanyanyuka juu na bati linashuka chini linakuwa kama meza. Pale kwenye kona walipokutana kioo na bati alikuwa ameweka taulo limekunjwa. Nikamuuliza la nini, akasema la mvua.

Hilo taulo nalikumbuka mpaka leo. Mlango wa nyuma uliolala vile ulikuwa unapendeza macho, lakini Nomad na Safari zilijulikana kwa kuvujisha maji pale nyuma tangu zikiwa mpya. Sasa mama wa Marekani wa 1955, vita imeisha miaka 10, watoto wamezaliwa kwa wingi kuliko wakati wowote, anataka gari ya kubebea watoto, matenga na mbwa, anaambiwa atoe karibu dola 3,000, ni Pontiac ya bei ya juu kabisa, na bado watoto wapenye nyuma ya siti na maji yaingie kwenye mzigo. Jirani kanunua stesheni wagoni ya milango 4 ya kampuni ileile kwa hela ndogo zaidi. We ungenunua ipi? Ulishajibu kwenye barua yako.

SWALI: Ziliuzwa ngapi na zikaisha lini? (Mwanafunzi, Kigoma)

JIBU: 1955 zilitoka 3,760. 1956 zikapanda kidogo, 4,042. 1957 zikaanguka mpaka 1,292. Jumla 9,094, miaka mitatu, basi. Nomad ilifika kama 22,000 kwa miaka hiyohiyo na nayo ilihesabiwa haiuziki. Upate kupima, Ford walivyoona Nomad walitengeneza ya kwao ya milango miwili ya kupendezapendeza, Parklane, mwaka 1956 tu, wakatumia bodi ya stesheni wagoni yao ya kawaida wakaiongezea kromu na zulia, na kwa mwaka ule mmoja waliuza zaidi ya 15,000. Hapo unaona tatizo la Safari lilipo, karibu kila bati kuanzia kioo cha mbele kwenda nyuma lilikuwa halitumiki kwenye gari nyingine isipokuwa Nomad, na bati la peke yake linataka mashine ya peke yake na hela ya peke yake.

Alafu katikati ya 1957 Pontiac wenyewe wakaleta Safari ya milango 4, na jina likawa la stesheni wagoni zao zote. Kwa 1958 GM ikabadilisha bodi za magari yake, nani angelipia tena lile paa. Ile ya milango miwili ikaishia hapo, lakini jina halikufa, Pontiac walikuwa bado wanauza stesheni wagoni zinaitwa Safari mpaka 1989, na kampuni ndugu, GMC, wakalitumia kwenye kigari chao cha abiria kuanzia 1985 mpaka 2005. Pontiac yenyewe ilifungwa 2010.

SWALI: Stesheni wagoni maana yake nini? Hapa Bukoba tunasema tu hivyo tangu enzi za Peugeot 504. (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Ni stesheni hiihii ya treni unayoijua. Zamani kule Marekani mahoteli na watu wenye uwezo walikuwa na gari za bodi ya mbao za kwenda kupokea wageni na masanduku yao stesheni, ndo jina likakaa. Mbao ilianza kupisha bati baada ya vita, Willys walitoa ya bati tupu 1946.

SWALI: Ndugu mhariri, naishi Columbus Ohio, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee ninayemhudumia ana gari gereji kwake imefunikwa turubai, aliponisikia naongea na mama kwa simu akaniuliza unatoka wapi, nikamwambia Tanga, akaniuliza tena kwa hiyo we unajua maana ya neno hili, akanipeleka gereji akafunua, Pontiac Safari ya 1956! Anasema haijawaka miaka 30. Watoto wake hawaitaki, anataka kunipa kwa bei ya kuagana. Je ni kweli ni Safari au kuna ujanja, na niangalie nini? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Ndugu yangu nilipoisoma barua yako nilisimama. Kwanza kabisa, kabla ya hela, watoto wake wajue na wakubali na iwe kwa maandishi, maana we uko pale kama mtu wa kazi na mzee ni mzee, usije ukaambiwa ulimzunguka. Mzee ni wa kulindwa, na kazi yako pia ilindwe.

Sasa gari. Fungua boneti, tazama kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kuna kibati kidogo kimepigwa namba. Sehemu ya staili inatakiwa isomeke 2764DF na mbele yake 56, ndo Safari ya milango miwili hiyo. Usikisugue kwa brashi ya waya na usiking'oe, kipige picha tu. Ukishahakikisha hapo nenda nyuma, nyanyua zulia la kwenye mzigo, kuna kisima cha tairi la spea chini ya sakafu, ingiza mkono mpaka chini. Maji yote yaliyovuja kwenye ule mlango tangu 1956 yaliishia humo. Kama bati la chini bado lina sauti ukiligonga una bahati kubwa, kama kidole kinapita usikate tamaa ila bei ishuke. Gonga pia sehemu ya chini ya bati la mlango wa nyuma kwa ndani, na sakafu chini ya miguu ya dereva.

Vioo na vitu vya paa usiogope sana kwa sababu Nomad inapendwa mno na watu wa magari ya zamani kule, vitu vyake vingi vinatengenezwa upya, na kioo cha Nomad kinakaa kwenye Safari. Kazi iko kwenye kromu za Pontiac zenyewe, zile za ubavuni na za mlango wa nyuma. Hizo hazipatikani kirahisi, kwa hiyo hata kipande kilichopinda, hata kilichodondoka kikawa kwenye boksi gereji, usitupe, muulize mzee kama kuna boksi.

Usiiwashe. Najua mikono inawasha, lakini miaka 30 ni mingi. Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, iache siku kadhaa, kisha izungushe injini kwa mkono polepole uone inakubali. Tangi la mafuta litolewe lisafishwe. Na breki, sikiliza, gari za wakati ule zina masta silinda ya mkondo mmoja tu, bomba moja likipasuka huna breki hata tairi moja, na zote ni za dramu. Badilisha mabomba yote na mipira yote kabla haijatembea hata mpaka getini.

Hujasema mzee ulimjibu nini alipokuuliza maana ya neno. Mwambie kwetu anayeondoka anaambiwa safari njema na anayerudi anaambiwa pole na safari, mfundishe ayatamke yote mawili, na siku mtakayoisukuma hiyo gari nje ya gereji hata bila injini kuwaka muweke siti ya mbele ashike usukani yeye. Kile kibati tutumie picha wiki hii, ya mzee kwenye usukani tutaisubiri, tumeshaiachia nafasi ukurasa wa mwisho.